Mvua Kubwa Ikija, Chemsha Maziwa



Wengi wetu tunazikumbuka mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1997. Barabara zilikatika, madaraja yakachukuliwa na maji, mahindi yakaozea shambani. Kila tulipokutana kisimani au sokoni, mazungumzo yalikuwa ya mafuriko tu. Lakini kule Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya, akina mama wenzetu walikuwa na habari nyingine ya kusimulia. Kondoo na mbuzi wao walikuwa wakitupa mimba, mmoja baada ya mwingine, hata zizi zima likabaki bila mtoto. Kisha watu nao wakaanza kuugua homa kali. Baadhi yao walitokwa na damu puani na kwenye fizi, wakafa.

Ugonjwa huo ndio uitwao Homa ya Bonde la Ufa. Huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Virusi hivyo hukaa ndani ya mbu na wanyama wa kufugwa kabla ya kumfikia mwanadamu. Watafiti waliopima damu za watu wa wilaya ya Garissa baada ya mlipuko huo walikadiria kwamba watu wapatao 27,500 katika wilaya hiyo peke yake walikuwa wameambukizwa.

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya homa hii, na sababu zetu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mlango wake mkubwa wa kuingilia nyumbani ni kazi za mikono yetu sisi wanawake: kukamua, kumsaidia mbuzi anayezaa, kusafisha matumbo, kukatakata nyama. Ya pili ni kwamba watafiti wamejifunza kuiona homa hii ingali njiani, na hivyo kutupatia wiki kadhaa za kujitayarisha. Swali ni moja tu: je, wiki hizo tutazitumiaje?

Ilianzia wapi kujulikana?

Mwaka 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, wanakondoo waliozaliwa karibuni walianza kufa ovyo. Kondoo wenye mimba walitupa mimba, na katika muda mfupi maelfu ya wanyama yalikuwa yamekufa. Wataalamu wa mifugo wa Kabete walikwenda kuchunguza, na mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham wakachapisha matokeo yao. Waliupa ugonjwa jina la bonde lenyewe.

Wataalamu hao waliona mambo mawili ambayo mpaka leo ni ya kujifunza. Kwanza, wachungaji waliowahudumia kondoo wakati wa kuzaa waliugua homa, na hata watafiti wenyewe waliugua walipokuwa wakifanya kazi ya maabara. Pili, kondoo walipohamishiwa nyanda za juu zenye baridi, ambako mbu ni wachache, vifo vilipungua. Kwa hiyo walishuku mbu. Mwaka 1944 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika msitu wa Semliki, magharibi mwa Uganda, walivipata virusi hivyo ndani ya mbu wa porini, na shaka ikawa hakika.

Tusidhani kwamba nchi zetu zina laana kwa kuwa magonjwa ya namna hii hupewa majina ya kwetu. Zika ni jina la msitu karibu na Entebbe, ambako virusi vyake vilipatikana mwaka 1947 kwa nyani wa utafiti. Chikungunya ni neno la Kimakonde, na ugonjwa huo ulielezwa baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika nchi ya Wamakonde, kusini mwa Tanzania. Majina hayo yanaonyesha kwamba huku kulikuwa na watu waliotafuta wakaona. Magonjwa yenyewe yamekwisha kuvuka bahari. Homa ya Bonde la Ufa iliingia Saudi Arabia na Yemen mwaka 2000, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya Afrika.

Mayai yanayongoja maji

Bila shaka umejiuliza: homa hii hupotea miaka mingi, halafu hutokea tena kwa kishindo. Katikati ya milipuko inajificha wapi?

Jibu lilipatikana kwa watafiti waliokwenda kwenye vidimbwi vya mbugani nchini Kenya. Walichukua viluwiluwi vya mbu kutoka majini, wakavilea mpaka vikawa mbu kamili. Mbu hao hawakuwa wamewahi kumwuma mnyama yeyote, lakini baadhi yao walikutwa na virusi. Maana yake, mbu mama alikuwa amewarithisha watoto wake kupitia mayai. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1985.

Mbu wa jamii hiyo hutaga mayai katika udongo wa mabonde madogo yanayojaa maji wakati wa mvua. Jua likikausha bonde, mayai hayafi. Hukaa udongoni miaka kadhaa yakingoja. Siku bonde litakapofurika tena na maji kutuama, mayai huanguliwa kwa wingi, na miongoni mwa mbu wanaotoka wamo waliozaliwa na virusi tayari. Hao huwauma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Mnyama akishaambukizwa, mbu wa aina nyingine humwuma na kuueneza ugonjwa kwa kasi zaidi.

Ndiyo sababu ugonjwa huu huandamana na mvua zisizo za kawaida. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya homa hii ni mvua yenyewe, ile inayonyesha kupita kiasi na kuacha maji yametuama kwa majuma.

Wiki nane

Wataalamu waliligeuza jambo hilo kuwa chombo cha kuonya. Kwa kutumia setilaiti hupima joto la bahari, mvua na ukijani wa majani katika mbuga. Mwaka 2006 waliona bahari ikipata joto kama ilivyokuwa 1997, na kuanzia Septemba wakatoa tahadhari kwamba Pembe ya Afrika imo hatarini. Mwezi Desemba homa ilithibitishwa Garissa. Januari 2007 ikaingia kaskazini mwa Tanzania, kisha ikasambaa mpaka Dodoma na Morogoro. Nchini Kenya waliorodheshwa wagonjwa zaidi ya 680, na zaidi ya 150 kati yao walifariki. Tanzania walikuwa zaidi ya 260, na waliofariki walipita 100.

Tunasikitika kusema kwamba tahadhari ilikuja, lakini katika sehemu nyingi maandalizi yalichelewa. Chanjo za mifugo zilifika wakati wanyama wamekwisha kuugua, na barabara zilikuwa hazipitiki.

Baada ya hapo watafiti walikwenda kwa wafugaji, wakawauliza mambo yalivyofuatana. Wafugaji wa Kisomali wa kaskazini-mashariki mwa Kenya hawakuhitaji setilaiti. Ugonjwa huu wanaufahamu, na wana jina lao wenyewe, sandik, lenye maana ya damu ya pua. Walieleza vizuri kabisa: tangu mvua kubwa kuanza mpaka mbu kujaa kama wingu zilipita wiki tatu na zaidi kidogo. Tangu mbu kujaa mpaka mnyama wa kwanza kuugua, kama siku 17. Na tangu mnyama wa kwanza mpaka mtu wa kwanza kuugua, siku 17 au 18 hivi.

Hebu tujumlishe. Ni karibu wiki nane kati ya mvua na mgonjwa wa kwanza nyumbani. Hata mama ambaye hakusikia tangazo lolote la redio, akiona mbuzi zake zikitupa mimba kwa pamoja, bado anaweza kuwa na muda wa kuwakinga watu wake. Kwa hiyo dada, usingoje kutangaziwa. Zizi lako ni tangazo tosha.

"Tumchinje kabla hajafa"

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa. Kondoo ameanza kuzubaa, hali, kamasi zinamtoka. Baba anamtazama, anasema, "Mama watoto, huyu atakufa bure. Tumchinje leo, tule, na paja moja tupeleke kwa jirani."

Tusiwalaumu wanaosema hivyo. Kondoo ni karo ya shule. Ni akiba ya siku ya msiba. Kumwacha afe na kumfukia ni kama kufukia fedha. Lakini uchunguzi wa milipuko yote umeonyesha jambo lilelile: watu wengi huambukizwa kwa kugusa damu, maji ya uzazi na viungo vya ndani vya mnyama mgonjwa, na kumchinja ni moja ya njia kubwa. Damu ikiruka hupenya penye mchubuko wa mkono, huingia machoni, na hata matone yake madogo yakivutwa pamoja na hewa huweza kuambukiza. Anayechinja ni baba, lakini anayeosha utumbo, anayekatakata maini na anayefua kanzu yenye damu ni mama na binti zake.

Tumjibu mzee kwa upole, na tumjibu mapema, kabla kisu hakijanolewa. "Baba watoto, kondoo mmoja tutampata tena. Wewe tukikukosa tutakupata wapi?" Neno kama hilo likisemwa jioni wakati wa chakula, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, husikika kuliko likisemwa kwa makelele zizini. Kisha mkubaliane: mnyama mgonjwa hachinjwi, na bwana mifugo ataitwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayeficha ugonjwa wa mifugo kwa kuogopa soko lisifungwe atawauguza wanawe mwenyewe.

Mambo ya kufanya nyumbani

Tumekusanya hapa yale ambayo wataalamu wanayasisitiza. Si mengi, na mengine unayafanya tayari.

Maziwa. Yachemshe mpaka yapande, kila siku, hata kama ng'ombe anaonekana mzima. Ukitaka kugandisha, chemsha kwanza ndipo ugandishe. Mzoeze bibi na watoto wanaopenda maziwa ya moja kwa moja kutoka kiwele. Moto huviua virusi hivi.

Nyama. Ipike iive kabisa hata ndani pasibaki wekundu. Damu mbichi isinywewe, wala isichanganywe katika maziwa. Baada ya kukatakata nyama, osha kisu, ubao na mikono kwa maji na sabuni kabla ya kushika kachumbari au mtoto.

Mnyama anayezaa au aliyetupa mimba. Asiguswe kwa mikono mitupu. Vaa glavu, funika pua na mdomo kwa kitambaa, vaa viatu. Kondo la nyuma na mtoto aliyekufa vifukiwe katika shimo refu, mbali na kisima, mbwa wasifukue. Usimtume mtoto kuvitupa.

Kulala. Baada ya mlipuko wa Garissa ilionekana kwamba waliowaingiza wanyama ndani ya nyumba walikuwa katika hatari zaidi. Twaelewa kwamba mvua ikinyesha usiku hujisikii kumwacha mwana-mbuzi nje. Hata hivyo wakati wa hatari mtengenezee kibanda chake. Ninyi mlale ndani ya chandarua, na jioni watoto wavae nguo ndefu.

Chanjo. Ipo chanjo ya mifugo, lakini wakati wake ni kabla ya mlipuko. Ugonjwa ukishaingia, sindano moja inayopita kutoka mnyama hadi mnyama yaweza kuueneza. Mwulize pia bwana mifugo kuhusu wanyama wenye mimba, kwani chanjo ya aina moja ya zamani yaweza kuwatupisha mimba. Kwa wanadamu bado hakuna chanjo iliyoidhinishwa. Ipo inayofanyiwa utafiti, ambayo miongoni mwa wanaoiongoza ni George Warimwe, mwanasayansi Mkenya wa Kilifi. Nia yao ni chanjo moja iwafae watu na wanyama, na imekwisha kujaribiwa kwa watu wa kujitolea huko Uingereza na Uganda.

Mtu akiugua

Dalili kwa kawaida huanza kati ya siku ya 2 na ya 6 baada ya kuambukizwa: homa ya ghafla, kichwa kuuma, maumivu ya misuli na viungo, kukosa hamu ya chakula, pengine kutapika. Ni rahisi kudhani ni malaria, na wengi hununua vidonge dukani wakangoja. Usifanye hivyo. Nenda zahanati upimwe, na umweleze mganga waziwazi: "Mbuzi zetu zimetupa mimba. Juzi tulichinja." Neno hilo moja laweza kumfungua macho kuliko maelezo mengi ya homa.

Tusitishane kupita kiasi. Wengi wanaoambukizwa hupona wenyewe katika siku 4 hadi 7, na waliopata ugonjwa mkali ni wachache. Lakini hao wachache huumia sana. Wengine macho huingia ukungu, wiki moja hadi tatu baada ya homa, na baadhi hawarudishiwi uoni wao kamili. Wengine ubongo hushambuliwa, wakaweweseka. Na wale wanaotokwa na damu, karibu nusu yao hufa. Hakuna dawa maalumu ya kuua virusi hivi, ila matunzo ya mapema hospitalini yaweza kuokoa maisha. Ukiona manjano machoni, damu kwenye fizi au matapishi meusi, usingoje asubuhi.

Jambo moja la faraja: mpaka sasa haijathibitishwa kwamba mtu humwambukiza mwenzake katika kumhudumia. Basi mgonjwa asitengwe wala asinyanyapaliwe. Mlishe, mwogeshe, ila jikinge na damu yake kama ambavyo ungejikinga na damu ya mgonjwa yeyote.

Kwa mama mjamzito

Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba homa hii huharibu mimba za kondoo, karibu wote walioambukizwa. Kwa wanawake mambo hayakuwa wazi. Kisha uchunguzi uliofanywa hospitalini katika mji wa Port Sudan, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wajawazito waliokuwa na homa hii walipoteza mimba mara nyingi zaidi kuliko wajawazito waliokuwa na homa nyingine.

Kwa hiyo tunasema bila kumung'unya maneno: mama mwenye mimba asiingie zizini wakati wa hatari. Asikamue, asimzalishe mbuzi, asioshe utumbo. Kazi hizo zichukuliwe na mtu mzima mwingine mwenye glavu. Mama mkwe, wifi, hapa ndipo upendo wenu utakapoonekana. Msimwambie kwamba zamani ninyi mlikamua mpaka siku ya uchungu. Zamani mlikuwa hamjaambiwa.

Na sisi wa mjini je?

Usifikiri kwamba ya zizini hayakuhusu. Nyama hupanda lori ikafika mjini. Mwaka 2007 watu wengi mijini waliacha kabisa kula nyama kwa hofu, na wachuuzi waliokuwa waaminifu wakaumia. Hapakuwa na haja ya kufika huko. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Nyama inayopitishwa mlangoni kwa bei ya kutupa, huku muuzaji akiwa na haraka, iache ipite. Na jamaa wa kijijini akikuletea paja la sikukuu, muulize bila haya mnyama alikuwaje.

Mwisho, tunakuombeni jambo moja. Kabla mvua hazijaanza, mkalishe chini kila anayegusa mnyama nyumbani kwako: baba, bibi, kijana anayechunga, na binti anayekusaidia kazi. Huyo binti mara nyingi ndiye anayeamka alfajiri kukamua, na mara nyingi hakuna anayemweleza kitu. Mpe glavu kama unazojinunulia mwenyewe. Mwambie kwamba siku atakapoona mbuzi wawili wametupa mimba aje kukuamsha, hata kama ni usiku wa manane, wala hutamgombeza kwa kuwa hakuwazuia. Mtoto wa mwenzio naye ana mama anayemngoja.